Faksheni Zangu Zimeanikwa Juani

Ndugu Mkuu wa Idara,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na wa nyumbani kwako. Naandika kwa adabu zote, ingawa nimeudhika sana.

Unanifahamu. Mimi ndiye niliyemtunza mkalimani wa lugha yetu ya skripti tangu ofisi ilipokuwa juu ya duka la matairi. Kwa faida ya wale utakaowaonyesha barua hii, mkalimani ni programu inayosoma maagizo mafupi ya watu na kuyatekeleza. Kwa nje ni mpole, hata mwanafunzi anamtumia. Kwa ndani ameandikwa kwa lugha ngumu ya C, na huko kuna faksheni, yaani vipande vya programu vyenye kazi moja moja, ambazo mtu akitaka kumwongezea uwezo mpya hana budi kuzipitia. Maelezo ya faksheni hizo hayakuwa popote ila kichwani mwangu, na kichwa changu kilikaa meza ya dirishani, kila mtu akijua njia ya kukifikia.

Kisha ukamleta dada wa nyaraka ukasema, "Mpe ushirikiano, anaandika mwongozo wa mambo ya ndani." Nikampa. Haya ndiyo yaliyonipata.

1. Dada huyu hana hofu. Siku ya kwanza alivuta kiti akaniuliza, "Kaka, hii faksheni inaitwa usiguse. Ukiigusa inakuwaje?" Nikamwambia utaona. Akasema, "Nitaona nini?" Ndugu Mkuu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la pili. Ikabidi nifungue faili tusome wote. Tukakuta inahesabu herufi. Sasa mwongozo unasema: "Usiguse: inahesabu herufi za neno. Unaweza kuigusa."

2. Anasema ukweli hadharani. Ipo faksheni yangu iitwayo tulia, niliyoitunza kama mboni ya jicho. Ameandika: "Faksheni hii haifanyi kitu. Mtunzaji wake anasema zamani ilikuwa inafanya." Nilimsihi angalau aandike kwamba imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Akanijibu kwa upole, "Baadaye lini, kaka?" Wenzangu wameubandika ukurasa huo kwenye friji ya ofisi.

3. Hapa ndipo alipovunja nguzo ya nyumba. Mkalimani huhesabu ni wangapi wamekishika kila kitu kilichomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Wote wakikiachia, anakitupa. Sasa, faksheni nyingine hukupa kitu kiwe chako, ukimaliza ukiachie. Nyingine hukuazima tu, na ukiachia cha kuazima umetupa mali ya mwenzako angali akiitumia, na programu nzima inaanguka. Ipi inatoa, ipi inaazima? Hilo nilijua mimi. Watu walikuja mezani kwangu mmoja mmoja, wanyonge, programu zimewaangukia. "Mzee, hii inatoa au inaazima?" Nilikuwa nakohoa kwanza, nafuta miwani, ndipo najibu. Kikohozi kile, Ndugu Mkuu, ndicho kilikuwa cheo changu, maana kingine hamkunipa. Dada amekuja, ameweka neno moja mbele ya kila faksheni: "Inatoa." "Inaazima." Basi. Hakuna anayekuja tena. Kiti cha wageni kilichokuwa mbele ya meza yangu kimebebwa na watu wa uhasibu, wala hawakunibishia hodi.

4. Mwongozo umefika ukweni. Miaka yote niliwaambia wakwe zangu kwamba kazi yangu haielezeki, hivyo vikao vya familia vilipokuwa virefu nilinong'ona, "Mkalimani ananihitaji," wakanifungulia njia kwa heshima. Mke wangu akauchapisha mwongozo akampelekea mama yake. Mama mkwe ana nafasi, tena ana miwani mipya. Jumapili akanipigia: "Baba, leo nimeielewa kazi yako. Kumbe ni kukumbuka nani kaazima nini." Nikasema ndiyo mama, hasa. Akasema, "Sasa ngazi yangu iko wapi?" Nikaibeba begani, nikapita nayo mtaa mzima, majirani wakinipa pole. Na kikao kilichofuata nilikaa mpaka mwisho. Kilihusu rangi ya geti.

5. Nikaomba likizo, ile uliyoitia saini bila kuinua macho. Nia haikuwa kupumzika. Nia ilikuwa mnikumbuke. Nilishinda na simu mkononi, nikaingia nayo hata bafuni. Ndipo ule mfumo unaoendeshwa na mkalimani, unaoita wagonjwa kwa namba, kule hospitali ya mteja wetu, ukanyamaza. Nilijua kwa sababu shemeji yangu alikuwa kwenye foleni na mguu wake uliovimba. "Shemeji, huku mashine imekuwa bubu," akaniambia. "Wauguzi wanaita watu kwa kupaza sauti, na wazee hawasikii." Nikavaa viatu, nikachukua mkoba, nikasimama mlangoni kungoja simu ya ofisi. Haikulia. Iliyolia ni ya shemeji tena: "Imepona. Namba yangu ndiyo hiyo inaitwa, kwaheri." Baadaye nikaambiwa kwamba yule binti mliyemwajiri juzi alifungua mwongozo, akaona programu ile inaachia kitu ilichoazimwa, akarekebisha, akaenda zake kula. Kwa wagonjwa nimefurahi, na hilo naliandika bila kejeli. Lakini mke wangu alinikuta pale mlangoni na mkoba akaniuliza ninakwenda wapi, nikavua viatu.

Kwa hiyo naomba, kwanza, mwongozo ufungiwe kabatini na ufunguo nikae nao mimi. Pili, faksheni usiguse irudishiwe hofu yake. Tatu, dada ahamishiwe idara isiyo na la kuficha, kama mtaipata. Hayo yakishindikana, basi kurasa za kutoa na kuazima zifutwe, watu wajifunze kwa kuangukiwa na programu, kama tulivyojifunza sisi na tukawa watu wazima.

Nisalimie wote: mlinzi wa getini, katibu muhtasi wako, watu wa uhasibu popote walipokikalia kiti changu, na dada mwenyewe, ambaye ni mtu wa heshima na hana kosa ila kazi yake.

Ni mimi, mtiifu wako mwenye kinyongo,

Mtunza Mkalimani,
Meza ya Dirishani.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaifunga bahasha nilipoletewa taarifa kwamba, kwa kuwa sasa nina nafasi, nimekabidhiwa sehemu inayofagia kumbukumbu ya mkalimani. Nimeifungua. Haina maelezo hata chembe, ila juu kabisa pameandikwa, "Anayejua anajua," na chini yake jina la mwandishi. Jina ni lako, Ndugu Mkuu, la enzi zile ulipokuwa bado unaandika programu. Huu si uungwana. Mtu anawezaje kuwaachia wenzake kitu kama hiki bila neno la kuwaongoza? Tafadhali dada asihamishwe popote; aje na kompyuta yake, akuketishe, akuhoji mpaka kieleweke, nami mniruhusu nikae pembeni nisikilize. Na njooni upesi. Nilibadilisha kidogo tu ili nijaribu, na tangu hapo mkalimani haamki.