Mbao Mbichi za Shemeji

Jumatatu, tarehe 1 Desemba

Daktari kasema moyo wangu umechoka. Kisha akamvuta binti yangu mlangoni, wakanong'onezana muda mrefu kuliko unaohitajika kueleza vidonge viwili. Nilifundisha jiometri miaka thelathini na minne. Nikiona mstari, najua unaelekea wapi.

Basi naandika. Miaka thelathini na moja iliyopita chama chetu cha useremala kiliombwa kutengeneza kabati la maktaba. Kila mtu alijua kwamba atakayelitengeneza ndiye atakayekuwa mwenyekiti. Kazi akapewa shemeji, kaka wa marehemu mke wangu. Alikausha mbao zake mwaka mzima ghalani, vijiti katikati ili hewa ipite, alama ya chaki juu ya kila ubao. Mchana mmoja, wenzetu wakiwa kwenye chakula, nilimwomba mtunza ghala ufunguo. Nilimwambia nimesahau tupa yangu ndani. Nikatoa mbao kavu, nikaweka mbichi, nikaiga chaki ya shemeji. Dakika ishirini tu.

Miezi mitatu baadaye milango ya kabati ilipinda, mkutubi akawa anaifunga kwa kamba. Ikasemwa kwamba shemeji hajui mbao kavu na mbichi. Akaweka zana chini, hakuzigusa tena. Mimi nikawa mwenyekiti. Ni mwenyekiti hadi leo.

Sitaki kufa bila msamaha wake. Shida ni kwamba ili anisamehe lazima kwanza ajue. Nimetafuta njia ya kulikwepa hilo tangu asubuhi. Sijaipata.

Jumatano, tarehe 3

Hatua ya kwanza: kumlainisha. Kabla ya sikukuu chama hutengeneza vitu vya kuchezea kwa ajili ya wodi ya watoto. Nilimpigia shemeji simu nikamwambia katibu anamhitaji sana. Katibu hakuwa na habari. Alipomwona mlangoni aliuliza huyu mzee amekuja kununua nini.

Alikuja na shati lililopigwa pasi. Akapewa magurudumu ya kupiga msasa, kazi ya wanaoanza. Hakulalamika. Ila kila kipande alichopewa alikipima mkononi, akakinusa, akakipima tena. Magurudumu madogo kama vifuniko vya chupa! Mwenzetu mmoja akamwambia asiogope, hizo ni kavu. Watu wakacheka. Shemeji naye akacheka.

Mimi nilicheka zaidi yao wote. Sijui kwa nini.

Mezani alikaa karibu na mjane wa Fundi Miwani. Fundi Miwani ndiye aliyekuwa mtunza ghala wetu, amefariki mwaka wa nne sasa. Mjane wake ndiye mpaka rangi wa chama. Walizungumza vizuri. Nilisikia akimwambia shemeji kwamba marehemu alimsifu mpaka mwisho.

Jumamosi, tarehe 6

Nimegundua kwamba siwezi kusema, lakini naweza kuandika. Nikaandika barua, kurasa tatu, mwandiko safi. Nikaikunja, nikaenda nayo chamani, nikaiweka ndani ya lori la kuchezea lililokuwa mbele ya shemeji likisubiri kifuniko. Nikarudi kwenye kiti changu, nikafumba macho.

Nilipoyafumbua shemeji alikuwa amekwenda kunawa mikono na katibu alikuwa amekwisha kupigilia kifuniko. Kwa gundi na misumari. Katibu wetu ni muuguzi mstaafu, hafanyi kitu nusunusu.

Ikabidi nichukue patasi. Watu kumi na mmoja wakamtazama mwenyekiti wao akivunja lori la mtoto mgonjwa. Nilisema nakagua ubora. Katibu akasema, "Mzee, ubora tumeuona. Sasa tupe hiyo patasi." Akaninyang'anya mbele ya watu, kama mtoto.

Barua niliiokoa. Nimeichoma jikoni. Binti yangu kauliza moshi wa nini. Nimemwambia ni mapishi. Akaniuliza tangu lini napika.

Jumatano, tarehe 10

Mpango wa leo niliuona kamili. Mtu hakatai maneno ya mwisho ya mgonjwa. Kwa hiyo, saa kumi na robo, nilijilaza polepole juu ya maranda chini ya meza ya kati, mahali palipokuwa laini, nikamwita shemeji kwa sauti hafifu.

Alikuja mbio. Alipiga magoti, akaniinua kichwa. Macho yake yalijaa machozi, na mimi nikafungua mdomo.

Katibu akafika wa pili. Alinishika kifundo cha mkono, akatazama saa yake, akatangaza kwa ukumbi mzima kwamba mapigo ya mwenyekiti ni mazuri kuliko yake. Akaniambia niondoke juu ya maranda, yanatakiwa kwa kufungashia.

Shemeji peke yake hakucheka. Alinifuta vumbi mgongoni, akasema atanisindikiza nyumbani. Tulitembea kwa hatua za wazee, kanishika mkono. Alinieleza kwamba tangu arudi kwenye chama analala vizuri. Tulipofika penye duka la fundi cherehani sikuweza tena. Nikamwambia yote. Chaki, ufunguo, dakika ishirini.

Aliuachia mkono wangu.

Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja: "Dada alijua?"

Nikamjibu hapana. Nayo ni kweli. Mke wangu alikufa akiamini kwamba kaka yake alilitengeneza kabati lile kwa uzembe, akaiaibisha familia. Alikuwa akimtania kila wakikutana, na utani wenyewe ulikuwa na sumu. Mimi nilikuwa nikimimina chai.

Akageuka akaondoka. Nilifika nyumbani kwa kushika kuta.

Jumapili, tarehe 14

Siku nne bila neno. Nimekula kidogo. Binti yangu anadhani ni vidonge.

Leo mchana shemeji kabisha hodi. Hakutaka kukaa. Alisema atanisamehe, ana umri usioruhusu kuchelewa. Lakini watoto wake wamekua wakisikia kwamba baba yao hajui mbao. Hata mkwewe humtania. Basi Ijumaa, siku ya kufunga chama kwa ajili ya sikukuu, nisimame niseme. Kwa mdomo wangu, si kwa barua, na nisianguke.

Nikamwuliza kama ningeweza kusema nikiwa nimekaa. Akasema, "Kaa, shemeji. Ila sema."

Ijumaa, tarehe 19

Nimesema.

Vitu vya kuchezea vilikuwa vimepangwa mezani, malori kumi na tisa na farasi sita. Shemeji alikuja na watoto wake wote watatu. Nilisimama. Nilisema kabati lilipinda kwa sababu yangu, na kwamba shemeji ndiye seremala bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao. Nilijiuzulu uenyekiti. Binti yake mkubwa alimshika baba yake bega. Ilikuwa saa njema kuliko zote nilizoishi tangu nifiwe na mke wangu, na laiti ningekaa hapo hapo.

Mtu akauliza niliingiaje, maana ghala lilikuwa likifungwa daima. Nikasema Fundi Miwani alinipa ufunguo. Hiyo ni kweli. Akauliza tena: kwa hiyo Miwani alijua?

Watu wote walikuwa wakinitazama. Nilikuwa nimebeba mzigo ule peke yangu miaka mingi, na hapo, kwa nukta moja tu, niliona namna ya kuugawa. Nilitikisa kichwa kukubali.

Mjane alikuwa akifuta brashi. Aliiweka mezani. Alisema, si kwa nguvu, kwamba mume wake alikwenda maktaba mara mbili kujaribu kuinyoosha milango ile, na alikosa usingizi akidhani ghala lake linavuja. Kisha akachukua mkoba wake akatoka. Shemeji alikuwa akikumbatiwa na wanawe, hakusikia.

Jumapili, tarehe 21

Binti yangu anasema uso wangu umetulia. Ni kweli moyo unapiga polepole zaidi.

Mjane harudi tena kwenye chama, katibu kanijulisha. Lazima nimwambie ukweli, na nitamwambia. Lakini haifai kumharibia mtu sikukuu. Kwanza nitamtengenezea kigoda kizuri, chenye droo ndogo chini. Akishakizoea, nitajua namna ya kuanza.

Shemeji alipita jioni, ana furaha, ana randa mpya. Kaona mchoro mezani akaomba anisaidie. Aliuliza kigoda ni cha nani.

Nikamwambia ni cha binti yangu.