Mkono wa Sweta

Jumatatu, 3 Machi
Jirani yangu, mfamasia mstaafu, kavua tena trauti wawili mtoni. Kapita nao dirishani kwangu polepole, makusudi! Nikajishusha, nikamuuliza siri. Akasema chambo chake ni nzi wa bandia, na humfunga mwenyewe: ndoano ndogo, unyoya wa jogoo, na mwili wa sufu kuukuu, ya kijani kilichopauka. Ya dukani samaki hawaitaki. Nimekagua nyumba nzima. Kitu cha rangi hiyo ni kimoja tu: sweta la marehemu mke wangu. Haliguswi. Nilimwahidi binti yetu siku ya mazishi, na Jumapili anakuja kulichukua.

Jumatano, 5 Machi
Nimeligusa. Uzi mmoja tu, mkono wa kushoto, pasipoonekana. Nimeuzungusha kwenye ndoano, nikaongeza unyoya, fundo, gundi. Mzuri! Mnene kidogo, kama kiwavi aliyeshiba. Sweta bado linanukia mafuta yake ya nywele. Nililiweka usoni mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 7 Machi
Mtoni. Aibu! Nilifunga mpaka kichwani, tundu la ndoano likazibwa na gundi. Mshipi haupiti. Mfamasia akanipa nzi wake mmoja. Nikamwambia asante, ninao tele. Kisha nikarusha mshipi mtupu saa mbili nzima, nikijifanya navua. Mke wangu angecheka mpaka ashike mbavu. Nilirudi nyumbani, hakuna wa kunicheka.

Jumamosi, 8 Machi
Nimevuta uzi mwingine. Kidogo tu. Ukaja. Ukaendelea kuja! Kufikia saa kumi mkono wote wa kushoto ulikuwa mezani kama tambi. Nimepata nzi sita. Mmoja tu ndiye tundu lake liko wazi. Nikajaribu kuurudisha mkono kwa sindano. Wapi! Aliyejua kufuma katika nyumba hii ni marehemu. Nimelikunja sweta, mkono wa kulia, ulio mzima, ukakaa juu. Akili ni nywele.

Jumapili, 9 Machi
Binti hakulitia kwenye begi. Alilivaa, papo hapo sebuleni. Mkono wa kushoto ukatokea mtupu mpaka begani. Nikasema ni nondo. Akatazama nzi sita mezani, akaniuliza nondo huyo kajifunza lini kufunga ndoano. Kisha akalia. Akasema mama yake alilifuma akiwa na mimba yake. Nilikuwa nimesahau kabisa. Nikalia na mimi. Akaondoka amelivaa hivyo hivyo, bega nje, na baridi yote hii.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda mtoni na yule nzi mwenye tundu wazi. Trauti kamshika! Mkubwa! Kaja mpaka karibu na viatu vyangu, fundo la mshipi likafunguka, akaenda zake na sufu ya mke wangu mdomoni. Nilisimama pale nikiyatazama maji muda mrefu. Namkosa sana.

Jioni nimempigia binti simu kumwomba radhi. Kanisamehe, Mungu ambariki. Tulipokuwa tunaagana nikamuuliza, kwa upole kabisa, kama ule mkono wa kulia anauhitaji sana.