Uso wa Ruracio

Jumatatu, 3 Juni 2024

Makongeni. Nimejitazama kwenye kioo. Kosa kubwa. Kidonda juu ya pua, mistari miwili myekundu mashavuni, vipele kidevuni. Yote kazi ya barakoa ya kiwandani, kwa muda wa saa tisa kila siku kwenye vumbi la chakula cha kuku. Na Jumamosi ni ruracio yangu, siku ya kupeleka mahari, Gatongora kule Ruiru. Mamake Wakonyo, mchumba wangu, hajawahi kuniona. Akidhani nina ugonjwa wa kuambukiza, mke sina.

Mwas, tunayefanya naye kazi mashine moja, ana uso laini kama wa mtoto. Kila mapumziko hunawa na kubadilisha barakoa. Mwanaume mzima! Kwa bahati mbaya ndiye atakayenisindikiza.

Jumanne, 4 Juni

Nimemwona Sista Katunge, nesi wa kiwanda. Amesema nibadilishe barakoa kila siku, ninawe kwa sabuni isiyo na manukato, nipake mafuta kidogo, na wakati wa mapumziko nitoke nje uso upate hewa. Akauliza niliyovaa ina muda gani. Nikasema mpya. Ina siku tisa. Nyumbani nina sita mpya kabisa, lakini hizo nazihifadhi kwa siku ya maana.

Ushauri wenyewe ni mwepesi mno. Hauwezi kuwa dawa.

Jumatano, 5 Juni

Nimepaka dawa ya meno kisha nikavaa barakoa juu. Kufikia saa nne machozi yalikuwa yananitiririka. Mwas akaniuliza, "Buda, ni stress za ruracio ama?" Nikamwambia ni vumbi.

Vipele vimeongezeka.

Alhamisi, 6 Juni

Mafuta ya kukamulia ng'ombe. Kama yanatuliza chuchu za ng'ombe, pua yangu ni nini? Nilipaka ya kutosha. Saa tatu barakoa ikateleza hadi shingoni, mbele ya Maina, supavaiza. Akasema barakoa isiyoshika uso ni pambo tu, akanitoa kwenye mashine hadi nijifute. Lakini vumbi lilikuwa limeshashika mafuta. Maji ya bomba hayakufua dafu.

Nimerudi nyumbani na pumba usoni. Kuku wa jirani wamenifuata hadi mlangoni.

Ijumaa, 7 Juni

Nimepata suluhisho. Nitaenda nimevaa barakoa. Nitasema ni heshima kwa afya za wazee. Ili nisionekane peke yangu, Mwas na binamu zangu wanne watavaa pia. Sita kamili. Nilijua zile mpya zitapata kazi.

Mwas amekubali haraka. Sikupenda alivyokubali.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa bado Gatongora, nyuma ya tanki la maji.

Mwanzo ulienda vizuri. Wazee wakapokea salamu zetu na ile habari ya afya. Mama Waithira, mamake Wakonyo, alinitazama sana. Wakaleta wasichana watano waliofunikwa leso, nichague wangu. Nikamtoa Wakonyo mara moja. Viatu nilimnunulia mimi.

Kisha Mama Waithira akasimama. Akasema binti yake amefunuliwa, lakini yeye bado ameletewa wanaume sita waliofunikwa. Wakonyo naye achague. Uwanja mzima ukapiga vigelegele.

Tukapangwa mstari, suti moja, kofia moja. Wakonyo akapita polepole. Pua ikaanza kuwasha. Nikavumilia. Akasimama mbele ya Mwas. Akamtazama sana, hata akamrekebishia tai. Niliumia, siandiki uongo. Niliogopa kweli kwamba nimempoteza. Mikono ikapanda yenyewe, nikajikuna kwa yote miwili.

Akaja moja kwa moja, akanivua barakoa. Akasema alinijua tangu getini, alikuwa ananipa nafasi niivue mwenyewe.

Mama Waithira akasogea, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. Akauliza kama huu uso nimeupata kazini. Nikasema ndiyo. Akawageukia wazee: "Huyu anafanya kazi. Alama si hizi?" Kisha akaagiza birika la kunawia, akaninawisha kwa maji matupu mbele ya watu wote, akaniambia barakoa ni ya kazini tu, nisiende nayo kutembelea watu.

Nimekubaliwa. Nilifurahi hadi nikalia, na machozi yakachoma vipele. Ndiyo maana niko nyuma ya tanki.

Jumapili, 9 Juni

Makongeni tena. Baada ya ibada Mwas alinipa pakiti ya barakoa mpya, na sabuni isiyo na manukato. Wivu tu. Nimeziweka kabatini.

Nimetafakari. Mimi ndiye nilikosea kuuficha uso. Kumbe zile alama ndizo zilizonipatia mke! Mama Waithira alisema mwenyewe, wazee wakasikia.

Sasa tatizo. Tangu maji ya jana, uso umepoa. Mstari wa kushoto karibu upotee, na harusi ni Agosti. Mama mkwe atasema nimeacha kazi.

Nimeitoa ile barakoa kuukuu mfukoni na kuivaa hapa nyumbani. Nimekaza kamba mafundo mawili.