Mbuzi wa Kilo Elfu Sita Mia Nne

"Injinia, mbuzi wa kilo elfu sita mia nne anasimamaje bila kuvunja mizani?"

Nimeulizwa hivyo leo asubuhi, soko la mifugo la Mwingi, mbele ya watu wote. Nimeaibika hadi masikio yakapata moto.

Shangazi Kavutha alitaka kuuza mbuzi wake wa pekee. Mimi siamini wanunuzi wanaokadiria uzito kwa macho (siamini vitu vingi, mnanijua), kwa hivyo nikamwambia: "Shangazi, ngoja. Nitaunganisha mizani ya soko na laptopu, kila mtu aone uzito kwenye skrini." Akangoja. Akakataa wanunuzi wawili kwa ajili yangu.

Mizani hiyo hutuma uzito kama baiti mbili, yaani namba iliyogawanywa vipande viwili, kimoja cha thamani kubwa na kimoja cha thamani ndogo. Programu ya kuzisoma hata sikuiandika! Katika Rust, lugha ninayoandikia programu, unaeleza tu muundo wa data: hapa namba ya mizani, hapa uzito. Unaweka mstari mmoja juu yake, na msimbo wa kusoma unajitengeneza. Nikajaribu mizani ikiwa tupu. Sifuri. Safi! (Mimi ninayehoji hata matangazo ya kanisani, sifuri hiyo sikuihoji.)

Leo mbuzi akapanda. Skrini ikaandika: 6400.

Soko likalipuka kwa kicheko.

"Aiya! Huyo si mbuzi, ni lori la Garissa!" Huyo ni Kilonzo, mnunuzi. Ndiye aliyeniuliza lile swali.

Hapo ndipo nikaelewa. Mizani hutanguliza baiti kubwa. Laptopu yangu, isipoambiwa, huanza na ndogo. Sikuwa nimeiambia. Ishirini na tano ya mbuzi ikasomwa kuanzia mkiani! Na sifuri, uisome kutoka upande wowote, ni sifuri tu. Nikaongeza neno moja kwenye muundo, la kuiambia ianze na kubwa. 25.

"Kumbe amekonda akiwa hapo juu?" Kilonzo akasema, akimgeukia shangazi. "Mwaitu, mama yetu, mashine ya mtoto wako inadanganya. Mimi naenda."

Nikatamani ardhi inimeze. Shangazi akamshika mkono.

"Uende wapi? Mashine imesema elfu sita, mimi naanzia hapo. Lakini kwa vile wewe ni mtu wetu, nakupunguzia kilo elfu moja."

"Mwaitu, huyu ni mbuzi!"

"Basi nimetoa elfu nyingine. Bishana na mimi, wachana na mtoto."

Watu wakanisahau kabisa. Wakamgeukia yeye, wakicheka huku wameshikilia uzio wa soko. Kilonzo akapangusa machozi. "Heri hiyo ishirini na tano, nisije nikauziwa lori." Akalipa, akamchukua mbuzi.

Njiani nikamweleza shangazi, polepole na kwa heshima, kwamba ile elfu sita haikuwa ya kweli. (Ndiyo, nilimfundisha!) Akaitikia tu, "Eeh? Kumbe."

Jioni hii mama amenipigia simu. Shangazi alipofika nyumbani alimwambia: "Ilibidi nijifanye mjinga kidogo. Mtoto alikuwa karibu kulia."