Ubao Usio na Malalamiko

Jumatatu, 6 Novemba

Mkuu Kuramochi amekuja kutoka wilayani. Hakuvua kofia. Dalili mbaya.

Alisimama nje, mbele ya ule ubao tulioletewa mwezi wa nne. Siku hizi kila kituo nchini lazima kibandike hadharani malalamiko ya raia dhidi ya polisi, na hatua iliyochukuliwa. Wangu mtupu. Nilikuwa nimeupangusa vizuri kwa ajili yake.

Nikasema kwa unyenyekevu kwamba hapa bondeni hakuna anayelalamika. Akasema hiyo ndiyo shida. Makao makuu wanaamini ubao mtupu una maana mbili tu: raia wanaogopa, au polisi anaficha. Kituo cha namna hiyo kitafungwa, kazi zake zihamie mjini. Na mimi nihamie nazo. Atarudi Jumanne ijayo kuangalia.

Kituo hiki ni nyumba. Ofisi mbele, sisi nyuma. Mimi nyuma, niseme. Mke wangu Kinue alifariki mwezi wa pili. Kamba alizosokota za kuanikia persimoni bado ziko upenuni. Mwaka huu nimeanika mwenyewe, vibaya, matunda yanadondoka. Siondoki!

Mkuu akaongeza kwamba Sajini Ubukata wa bonde la pili ana malalamiko mengi hadi ameongezewa ubao. Anasifiwa kwa uwazi. Ubukata! Mtu anayelala ndani ya gari la doria!

Jumanne, 7 Novemba

Mpango: kumuudhi mtu. Mmoja anatosha.

Nimempa onyo Bwana Shirakuni, mtengeneza tofu ya maharage ya soya, kwa kuegesha gari nusu juu ya njia ya miguu, mbele ya duka lake, pale pale alipokuwa akiegesha marehemu baba yake. Nilikunja uso. Nikamwambia ana haki ya kulalamika, nikamwonyesha na ubao ulipo. Akainama hadi nikaona utosi wake. "Afande, kosa ni langu kabisa. Umenivumilia mno."

Mchana akaniletea tofu, bado ya moto. Nimeila. Tamu ajabu. Nimekasirika sana.

Ubukata kapiga simu. Eti, "Vipi ubao, kaka? Nikuazime machache? Mwenzio yamenizidi." Nikamwambia simu inakatika. Haikuwa inakatika.

Alhamisi, 9 Novemba

Mpango wa pili: kiburi. Nimepita kijiji kizima kwa baiskeli bila kumsalimia mtu. Kazi ngumu kuliko kukimbiza mwizi. Bibi Nezu alikuwa shambani anang'oa figili, akanipungia mikono yote miwili. Nikatazama mlima.

Jioni ikafika sufuria ya kwanza ya chakula. Halafu ya pili. Halafu nikakosa pa kuziweka. Kumbe Bibi Nezu kawaambia watu kwamba Afande bado ana majonzi, hata akiangalia watu hawaoni. Kila aliyekuja aliweka sufuria yake mlango wa mbele, akainama, akaondoka.

Nimemwekea Kinue bakuli moja mbele ya picha yake. Figili za kuchemsha. Alizipenda laini, zile zinazokatika kwa ulimi. Nimekaa naye hadi chakula changu kikapoa.

Ubao: mtupu.

Jumamosi, 11 Novemba

Mpango wa tatu: kuomba waziwazi.

Nimewafuata wazee uwanjani, wanapogonga mipira kwa nyundo zao za mbao. Nikavua kofia. Nikawaeleza yote: nisipolalamikiwa kabla ya Jumanne, nahamishwa. Wakacheka hadi Bwana Shirakuni akaukosa mpira.

Bibi Nezu akaegemea nyundo yake. "Wewe mtoto, nani kakwambia hatulalamiki? Tumelalamika miaka nenda rudi. Tulikuwa tunamwambia Kinue."

Mlango wa jikoni, wakanieleza. Nani aende mlango wa mbele, chini ya ile taa nyekundu ya kituo, akamshtaki polisi kwa polisi huyo huyo? Walikuwa wanapita nyuma na mboga zao, wanasema yao kwa Kinue, wanakwenda. Alipofariki, wakabaki nayo moyoni.

Basi wakaanza kuyataja, wote kwa mpigo. Kipaza sauti cha gari la doria, nilichokuwa nikiwasha alfajiri kuwatahadharisha juu ya matapeli wa simu: kuku wa Bwana Shirakuni waliacha kutaga. Kujificha kwenye mianzi ili kuwanasa wasiosimama njia panda: mjukuu wa Bibi Nezu alidhani ni nguruwe mwitu. Mashairi yangu ya usalama barabarani, yale ya kwenye karatasi ya habari ninayowagawia kila mwezi: marefu.

"Ukimwambia leo, wiki ijayo limekwisha," akasema Bibi Nezu. "Sijui alikuwa anakufanyaje."

Hakunifanya chochote. Kipaza sauti niliacha mwenyewe, kwa sababu Kinue alihofia baridi ya alfajiri ingeniharibia kifua. Kwenye mianzi sikurudi kwa sababu aliota nimeumwa na nyoka. Na mashairi tuliyakata kwa kuwa wino ulikuwa unakaribia kwisha. Ulikuwa unakaribia kwisha kila mwezi. Mambo yalisadifiana tu.

Nimelifikiria hilo njia nzima. Nilipofika nyumbani nikaacha kulifikiria.

Jumapili, 12 Novemba

Nimeyabandika malalamiko yote. Ubao umejaa! Palipoandikwa "aliyepokea" nimeandika Kinue Hinokuma. Palipoandikwa "hatua iliyochukuliwa" nimekaa sana na kalamu. Mwishowe nikaandika: Aliyashughulikia.

 

Jumanne, 14 Novemba

Mkuu Kuramochi amesoma ubao polepole, kuanzia juu hadi chini. Akauliza huyu Kinue ana cheo gani. Nikasema hakuwa na cheo, alikuwa mke wangu. Akavua kofia.

Akasema kwenye ripoti ya wilaya hakuna mahali pa kuandika kitu kama hicho. Kisha akataka kuona mahali Kinue alipokuwa akiyapokea malalamiko. Nikampeleka mlango wa jikoni. Akakitazama kigoda cha Kinue, pale kizingitini, kimepauka upande mmoja kwa jua. Akaokota persimoni moja iliyodondoka, akaila akiwa amesimama.

Kituo kitabaki! Kwa sharti moja. Mlango ule uwe wazi, nami nikae pale, nisikilize watu. "Usikilize tu, Hinokuma. Usijibu. Umenielewa?"

Nikamjibu kwa kirefu kwamba nimemwelewa.

Jumatano, 15 Novemba

Raia kama hawa lazima washukuriwe. Nimeamka kabla ya jua, nimewasha kipaza sauti cha gari la doria, nimezunguka bonde zima nikimshukuru kila mmoja kwa jina lake na lalamiko lake. Nikamalizia na shairi. Fupi, beti tisa.

Kurudi nyumbani, nakuta mstari mlango wa jikoni! Bibi Nezu wa kwanza, na nguo za kulalia. Bwana Shirakuni nyuma yake, kamkumbatia kuku. Wote wanasema kwa pamoja. Nimewamiminia chai. Ubao mmoja hautatosha, naomba wa pili. Ubukata nimemwarifu tayari.

Na kifua? Kizima kabisa, hata kikohozi sina. Nimemwambia Kinue nilipomwekea chai yake. Miaka yote ile, masikini, alikuwa anahangaika bure.