Spika Iliyokula Kimea

Jumatano, 11 Juni
Baridi ya Sumbawanga inauma meno, nami yamebaki machache. Jumapili ya tarehe 22 mjukuu wangu Scola anapokea Komunyo ya kwanza. Jumuiya nzima itakuja. Nimetangaza muziki ni juu yangu. Nikawasha spika. Inakoroma kama padre mstaafu! Jirani yangu Masunga, mfugaji mwenye spika ndefu kama kabati, akachungulia. Shikamoo babu, eti mnakaanga samaki wa migebuka? Marahaba, mpumbavu wewe. Mke wangu Dominika akakata shauri: isipopona, ataazima ya Masunga. Uani kwangu! Heri nife. Ila baada ya sherehe.

Alhamisi, 12 Juni
Kwa Enock, fundi redio wa sokoni. Kasema spika nzima, tatizo boksi. Jepesi, linatetemeka. Nitandike sponji ndani, juu niweke tofali. Sponji nimeipata kwenye godoro letu. Nimekata upande wa Dominika. Mwembamba yule, hahitaji nyingi. Mkoromo umepungua!

Jumamosi, 14 Juni
Tofali juu ya spika ni ushamba. Uzito unakaa ndani, kama wa mtu aliyeshiba. Stoo kuna ulezi mkavu, na mwingine Dominika ameuloweka wa kimea cha pombe ya sherehe. Uliolowa ni mzito zaidi. Darasa la nne langu halikupotea bure. Nimejaza boksi, nikapigilia misumari. Nikawasha. Besi hiyo! Kuku wakakimbia. Masunga akaja, akaizunguka spika mara mbili. Nikamuuliza kama migebuka imeiva.
Nimeilaza spika karibu na jiko, isipate mafua. Dominika anamsaka mwizi wa kimea. Nimemsaidia kumlaani.

Jumanne, 17 Juni
Nikawasha nimringie Masunga. Kimya. Nikashika boksi. Lina joto kama ubavu wa ng'ombe! Mbao zimeachana, na kila ufa umeota ndevu nyeupe. Ulezi umechipua. Karatasi ya spika imelowa, imechanika. Dominika alikuwa nyuma yangu. Hakufoka, na hapo ndipo nilipoogopa. Akasema kumbe mwizi analala naye kitanda kimoja, tena upande wenye godoro. Akajifunga kitenge, akaenda kwa Masunga.

Jumapili, 22 Juni
Spika ya Masunga imeimba uani kwangu tangu watu watoke kanisani. Masunga kaketi kwenye kiti changu. Scola kacheza mpaka soksi zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Hakuuliza spika ni ya nani.
Kile kimea Dominika alikikwangua kwenye boksi, akakianika, akapikia pombe hiyohiyo. Wageni wakaisifu mno. Mathias, mwenyekiti wa jumuiya, alitoa sponji kinywani, akasema kimea cha mwaka huu kina nyama. Nikawaeleza kuwa ufundi ni wangu. Dominika akanikanyaga mguu.

Jumatatu, 23 Juni
Masunga yuko malishoni, spika yake ataichukua jioni. Nimeigonga mgongoni. Tupu! Masikini, jitu zima halina kitu tumboni, na watu wanalisifia. Nimetafakari sana kosa la juzi. Kosa lilikuwa la ulezi, punje zake ndogo mno. Jikoni kuna maharage, Dominika ameyaloweka tangu jana. Yamevimba vizuri. Bisibisi ninayo. Masunga atanishukuru.