Sikio la Mwalimu Adolphe

Siku ya Jumanne, tarehe 14 mwezi wa kumi, mwaka 2025, Adolphe alipita mbele ya darasa la akina mama wanaojifunza kusoma, mtaani Mudzipela, akaona simu kumi na mbili juu ya meza, na mwalimu wao hajafika. Papo hapo akawa mwalimu wa kuchora.

"Banamama, ubongo iko na pande mbili," alitangaza, kama mtu aliyewahi kuupasua mmoja akachungulia. "Ya kushoto inahesabu tu. Ya kuume njo inachora, lakini ikisikia simu, inalala. Simu zote mu beseni, pale mulango!"

"Ata yangu?" Mama Scholastique aliuliza. "Ndani muko sauti ya bwana yangu marehemu."

"Yako zaidi, mama."

Kielelezo hakuwa nacho, isipokuwa picha kubwa ya uso wake mwenyewe, aliyoipenda kuliko ndugu zake. Akaibandika ukutani kichwa chini.

"Musiseme hii pua, hii jicho. Mufuate mustari tu. Saa moja, bila kugeuka nyuma!"

Hayo aliyasoma kwenye ukurasa uliofungiwa maandazi, wala hakuyaamini. Asilolijua ni kwamba mama hao walikuwa wametumia mwaka mzima wakinakili herufi wasizozifahamu, mkunjo kwa mkunjo. Kufuata mstari ilikuwa kazi yao.

Adolphe alifunika beseni kwa kitenge, akalitwika kama muuza maandazi, akaenda kuketi ndani ya gari la kwenda Iga Barrière. Gari, kama ilivyo desturi, lilingoja lijae.

Saa ilipotimia, mama wakageuka: mwalimu hayupo, beseni halipo. Wakapindua karatasi: mwalimu yupo, mara kumi na mbili. Wakatawanyika kwenye vituo vyote vya magari.

Fabrice, dereva wa gari lile, aliingiza dirishani karatasi aliyopewa na Mama Scholastique. "Papa, hii sura haiko yako?"

"Haiko miye! Miye niko muzuri."

"Sikio ya kukunjana je?" Mama Scholastique alidakia nyuma ya dereva, akilinganisha la karatasini na la kichwani.

"Mama, mutu wa kujifunza a-e-i-o-u anaweza kuchora hivi?"

"Weye njo ulitufundisha, mwalimu. Aksanti."

Adolphe, ambaye maishani hakuwahi kumfundisha mtu chochote, karibu alie kwa fahari. Kisha akaruka kwa dirisha la pili, akaliacha beseni.

Mama Scholastique akaweka simu sikioni. Marehemu bado anauliza kama chumvi imebaki.

Adolphe naye bado anakimbia. Basi wewe uliyesoma, mwambie jirani yako: sikio la kushoto, limekunjana juu. Naye amwambie wake, kabla mwalimu hajafika darasa lingine.